Vipimo vya Damu na Virutubisho kwa Anayetaka Kuzeeka na Afya Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu mzima asiyeumwa, au anayedhani haumwi, ambaye anataka kujua sukari, mafuta ya damu, figo na ini vinaendaje kabla mambo hayajaharibika, na anajiuliza kama vidonge vya virutubisho vitamsaidia kufika uzeeni akiwa na nguvu. Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo: kipimo kwanza, kidonge baadaye, na kila kidonge kiwe na sababu inayoonekana kwenye majibu. Namba zote ni za watu wazima wasio wajawazito, isipokuwa pale tulipotaja vingine.

## Kuanza

Mimi siumwi popote. Nipime nini sasa?

Kisukari cha aina ya pili, presha na ugonjwa wa figo hukaa mwilini miaka mingi bila kuuma. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda ya Afrika wanaishi na kisukari, na asilimia 54 kati yao hawajui. Wengi wao huja kuambiwa siku kidonda cha mguu kimekataa kupona au macho yameanza kuona ukungu. Kusubiri dalili ni kusubiri madhara.

Hela yangu inatosha vipimo vichache tu. Nianze na vipi?

Presha, kiuno, sukari, mafuta ya damu, kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa) pamoja na albumini ya mkojo (protini inayovuja figo zikiumia). Kwa mpangilio huo huo.

Presha inaanza kwa sababu ni ya bei ndogo kuliko zote, mara nyingi bure, na hakuna kipimo cha damu kinachoifikia kwa kuokoa ubongo na moyo. Ila ipimwe vizuri: kaa dakika 5 umetulia, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono uko usawa wa moyo, mkanda uko juu ya ngozi na si juu ya shati, usiongee. Rudia mara mbili. Ikisoma 140/90 au zaidi siku tofauti, hiyo ni presha hata kama unajisikia mzima kabisa.

Kiuno kipimwe kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya kitovu. Kisizidi nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 164 asifike 82. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayobughudhi insulini, homoni inayoshusha sukari, na mtu mwembamba wa mikono na miguu anaweza kuwa nayo tele.

Ukibakiwa na chochote, pima homa ya ini B mara moja katika maisha yako ya utu uzima kama hujawahi. Sababu utaiona kwenye swali la ini.

Vifurushi vya kupima mwili mzima, vipimo 60 kwa mpigo, si ndiyo bora zaidi?

Hapana, kwa mtu mwenye afya. Kiwango cha kawaida kinachochapwa pembeni ya majibu kwa kawaida huwekwa ili watu wazima 95 kati ya 100 wawe ndani yake. Maana yake mzima mmoja kati ya 20 hutoka nje ya mstari kwa kila kipimo bila ugonjwa wowote. Pima vitu 20 visivyohusiana, na uwezekano wa angalau kimoja kuandikwa "juu" au "chini" unafika asilimia 64. Hapo ndipo safari za kurudia vipimo, picha na wasiwasi huanza.

Alama za saratani ndani ya vifurushi hivyo, kama CEA na CA 125, hazikutengenezwa kumchuja mtu asiye na dalili. Wanawake wana kipimo cha kweli cha kuchuja, cha mlango wa kizazi. Hela iende huko.

Kuna mashine unashika chuma mkononi dakika moja, inatoa ripoti ya kurasa nyingi: vitamini, figo, hata mishipa ya moyo. Inaaminika?

Haiaminiki. Haichukui damu, haichukui mkojo, na hakuna njia ya kujua kiwango cha vitamini B12 au kolesteroli kwa kushika chuma. Angalia pia anayekupima: mara nyingi ndiye anayeuza makopo ya virutubisho yaliyo kwenye meza hiyo hiyo, na kila "upungufu" una kopo lake. Watu wameacha dawa za presha kwa ajili ya ripoti hizi, na wapo waliokopa kununua dozi. Tunasema kwa uchungu: usimpeleke mzazi wako huko.

## Kujiandaa na kusoma majibu

Nifunge saa ngapi? Naruhusiwa maji? Chai ya rangi je?

Kwa sukari ya kufunga, saa 8 zinatosha; lala, amka, nenda. Maji ruksa na ni vizuri, mishipa hupatikana kwa urahisi. Chai na kahawa, hata bila sukari, ziache mpaka baada ya kutolewa damu. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3, haihitaji kufunga. Mafuta ya damu siku hizi hupimwa hata aliyekula, isipokuwa trigliseridi (aina mojawapo ya mafuta hayo) zikionekana juu ya 4.5 mmol/L, hapo LDL, yaani kolesteroli mbaya, ya kukokotoa haitegemeki na unarudia umefunga.

Nimetoka kuugua malaria wiki iliyopita. Niende?

Subiri wiki kadhaa. Homa hushusha LDL, hupandisha sukari na hupandisha feritini, kipimo cha akiba ya chuma, kwa hiyo mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma anaweza kuonekana ana akiba nzuri. CRP, kipimo cha uvimbe mwilini, ikizidi 10 mg/L haizungumzii moyo wako tena, inazungumzia maambukizi. Irudie baada ya kupona.

Natumia vidonge vya nywele na kucha. Vina shida kwenye vipimo?

Vina shida kubwa, na ni wachache wanaoambiwa. Vidonge hivyo huwa na biotini ya mikrogramu 5,000 hadi 10,000, wakati mwili wa mtu mzima unahitaji kama 30 kwa siku. Mashine nyingi za maabara hutumia biotini ndani ya kemikali zake za kupimia, kwa hiyo iliyojaa kwenye damu yako huzichanganya. Majibu ya tezi ya shingoni yanaweza kuonyesha tezi inafanya kazi kupita kiasi ilhali iko sawa. Kibaya zaidi ni troponini, kipimo cha shambulio la moyo, ambayo inaweza kusoma chini mtu akiwa anakufa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017 baada ya taarifa ya kifo cha namna hiyo.

Acha biotini siku 2 hadi 3 kabla ya vipimo, na ukifika dharura mwambie daktari unaitumia.

Maabara mbili zimenipa majibu tofauti. Nani muongo?

Huenda hakuna. Kwanza tazama kipimio: sukari ya 5.5 mmol/L na 99 mg/dL ni kitu kimoja. Kutoka mmol/L kwenda mg/dL, sukari zidisha kwa 18, kolesteroli kwa 38.7, trigliseridi kwa 88.6.

Pili, fikiria safari ya damu yako. Chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya chupa, kama asilimia 5 hadi 7 kila saa kwenye joto la kawaida la chumba, zaidi kwenye joto letu la Pwani. Ndiyo maana sukari huchukuliwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu yenye floridi, na ndiyo maana hata hiyo haipaswi kukaa kwenye pikipiki nusu siku. Kituo kinachotoa damu asubuhi na kuipeleka kwingine jioni kinaweza kukupa sukari nzuri ya uongo. Uliza swali moja tu: damu hii inapimwa hapa hapa, au inasafiri? Kisha uliza kama maabara ina ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara.

Tatu, chagua maabara moja ubaki nayo. Mabadiliko yako mwenyewe yana maana zaidi kuliko namba ya siku moja.

## Sukari

Namba zipi ni za kisukari?

Sukari ya kufunga kuanzia 7.0 mmol/L, au 11.1 na kuendelea saa 2 baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. Au HbA1c kuanzia asilimia 6.5. Kama huna dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa. HbA1c ya 5.7 hadi 6.4 kwa vigezo vya Marekani ni eneo la hatari. Kwa sukari ya kufunga, Wamarekani huanza kuhesabu hatari kwenye 5.6 na Shirika la Afya Duniani kwenye 6.1, ndiyo maana madaktari wawili wanaweza kukuambia mambo mawili kuhusu 5.8.

Kimashine changu cha nyumbani kinasoma 6.4, maabara wanasema 5.8. Kibovu?

Si lazima. Kiwango cha kimataifa cha vimashine hivi kinaruhusu tofauti ya mpaka asilimia 15 sukari ikiwa 5.6 au zaidi. Ni vya kumfuatilia mgonjwa, havitoshi kumtangaza mtu kuwa mgonjwa. Nawa mikono kwanza. Juisi ya embe kidoleni imewatisha wengi.

Kwa nini HbA1c yangu hailingani na sukari ninayopima?

Hili ndilo swali ambalo Waafrika wanastahili kulijua kuliko wengine, na ndilo linaloachwa.

HbA1c hupima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu. Chembe hizo huishi takriban siku 120, kwa hiyo kipimo hueleza miezi 2 hadi 3 iliyopita. Chochote kinachofupisha maisha ya chembe huifupishia sukari muda wa kunata, na majibu hushuka bila sukari kushuka.

Aliyerithi jeni moja ya sikoseli, ambaye haumwi na huenda hajui kabisa, ni mtu wa kawaida kwenye maeneo yetu yenye historia ya malaria, kama Pwani na Kanda ya Ziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kwa Wamarekani weusi uliona kuwa kwa sukari ile ile, wenye jeni hiyo walisoma HbA1c chini kwa takriban 0.3. Mwaka huo huo, uchambuzi mwingine ulionyesha kuwa wanaume wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, wa aina ya Kiafrika husoma chini kwa karibu 0.8. Kwa namba za kawaida: mtu ambaye HbA1c yake ya kweli ni 6.8, yaani mgonjwa, anaweza kupewa karatasi iliyoandikwa 6.0 na kurudi nyumbani amefurahi.

Upande wa pili, upungufu wa madini ya chuma huipandisha. Mwanamke anayetoka hedhi nyingi anaweza kuambiwa yuko kwenye hatari ya kisukari kumbe shida yake ni damu. Aliyeongezewa damu karibuni, au mwenye figo zilizochoka, naye asiitegemee.

Ushauri wetu: mara ya kwanza pima HbA1c na sukari ya kufunga kwa pamoja. Zikipingana, muulize daktari kipimo cha kunywa glukosi, na kama familia ina sikoseli, lisemwe kabla ya damu kutolewa.

Insulini ya kufunga na HOMA-IR vina maana?

HOMA-IR ni hesabu ya sukari na insulini za kufunga kwa pamoja. Vinaweza kuonyesha mwili unaoanza kuikaidi insulini kabla sukari haijapanda. Ila vipimo vya insulini havijasawazishwa kati ya maabara na maabara, na hakuna mstari mmoja wa kumtenga mzima na mgonjwa. Kiuno chako kinasema karibu jambo lile lile, bure.

Kihisi cha kubandika mkononi kinachosoma sukari mchana na usiku je?

Kwa anayejidunga insulini ni mkombozi. Kwa mzima, wiki mbili zinaweza kumfundisha jinsi sahani ya wali inavyompandisha kuliko sahani ya maharage na mchicha, kisha basi. Sukari ya mtu mzima kupanda baada ya kula si ugonjwa.

Sukari yangu ni 6.2. Ninunue kirutubisho gani kishushe?

Hakuna kopo linalofikia jambo hili. Marekani, watu 3,234 waliokuwa kwenye hatari ya kisukari walifuatiliwa na matokeo yakatoka mwaka 2002. Waliopunguza uzito kwa asilimia 7 hivi na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliomeza metformin, dawa ya kisukari, asilimia 31. Kwa mwenye kilo 85, asilimia 7 ni kilo 6 tu. Anza na soda na juisi za boksi, kisha chai: vijiko vitatu vya sukari mara nne kwa siku ni mzigo mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Halafu punguza tonge la ugali, ongeza mboga na dagaa, na tembea baada ya chakula cha jioni.

## Mafuta ya damu, figo na ini

Nitazame namba gani kwenye kolesteroli?

LDL kwanza. Jumla peke yake hupotosha, maana HDL, kolesteroli nzuri, imo ndani. Kwa mzima asiye na hatari nyingine, LDL chini ya 3.0 mmol/L inaridhisha. Mwenye kisukari au aliyepata kiharusi anahitaji chini zaidi, na dawa za statini za kushusha kolesteroli zina ushahidi ambao hakuna kirutubisho kilichoukaribia. LDL ya 4.9 na zaidi hunusa ugonjwa wa kurithi: wapime watoto na ndugu pia.

Jihadhari na ushauri wa mitandaoni wa kugawanya trigliseridi kwa HDL ili kujua kama mwili unakaidi insulini. Weusi wengi huwa na trigliseridi za chini hata insulini ikiwa imekaidiwa na tumbo limejaa, kwa hiyo uwiano mzuri usikupe usingizi.

ApoB na Lp(a) ni nini, na nitoe hela?

ApoB huhesabu chembe zenyewe zinazobeba mafuta mabaya, moja kwa moja, na husaidia hasa mwenye kisukari au tumbo kubwa ambaye LDL yake inaonekana nzuri. Lp(a) ni chembe nyingine inayobeba kolesteroli; hurithiwa, haibadiliki sana kwa chakula, na watu wenye asili ya Afrika huwa nayo juu kwa wastani. Hupimwa mara moja tu maishani. 125 nmol/L na zaidi huongeza hatari ya moyo. Kama babu, baba au shangazi alianguka na moyo au kiharusi kabla ya miaka 60, Lp(a) inastahili hela. Vinginevyo tanguliza vya mwanzo.

Kreatinini yangu imepanda. Figo zinakufa?

Uliza mambo matatu kabla ya kulia. Unakunywa unga wa kreatini wa gimu? Ulikula nyama choma nyingi jana yake? Unatumia dolutegraviri, dawa ya VVU? Zote hupandisha kreatinini bila kuumiza figo. Dolutegraviri huzuia tu njia moja ya kuitoa kwenye mkojo, na hupanda kidogo wiki za mwanzo kisha hutulia.

Ugonjwa sugu wa figo huhesabiwa uchujaji wa figo (eGFR, unaokokotolewa kutokana na kreatinini) ukiwa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, au albumini ikivuja kwenye mkojo. Ndiyo maana tulisisitiza mkojo. Uliza pia maabara inatumia kanuni gani ya kukokotoa: ya zamani iliwaongezea weusi namba kwa sababu ya rangi, na iliachwa mwaka 2021.

ALT, kimeng'enya cha ini, iko juu kidogo. Daktari kasema mafuta kwenye ini.

Inawezekana, hasa kwa mwenye tumbo na sukari. Ila kwetu homa ya ini B iondolewe kwanza kwa kipimo, kwa sababu ina dawa na inaambukiza. Kisha weka mezani kila unachokunywa: pombe, mitishamba, na virutubisho. Vidonge vizito vya manjano, ashwagandha na dondoo la chai ya kijani vimesababisha maradhi ya ini yaliyothibitishwa. Manjano ya kwenye pilau hayamo kwenye onyo hili.

Chembe nyeupe zangu huwa chini kila nikipima.

Waafrika wengi huzaliwa na kundi la damu liitwalo Duffy-null, ambalo hushusha neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, kwenye kipimo bila kudhoofisha kinga. Viwango vingi vya maabara vilitokana na Wazungu. Kama ni hali yako ya miaka yote na huugui ugui, mwambie daktari hivyo kabla ya kuanza kutafutiwa ugonjwa.

## Virutubisho

Basi nianze na kirutubisho gani?

Kile ambacho upungufu wake umeonekana. Hatusemi hivi kwa kukisia tu. Kuna somo lililotoka kwetu wenyewe, Pemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wadogo wa kisiwa hicho waligawiwa kwa kura: wengine madini ya chuma na asidi foliki, wengine kidonge kitupu. Nia ilikuwa njema, damu chache ilikuwa kila nyumba. Mwaka 2003 makundi ya chuma yalisimamishwa kabla ya wakati. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 12 wa kufa au kupata tatizo kubwa la kulazwa. Malaria ilikuwa tele, na chuma kilimpa nguvu nani, mtoto au vimelea? Ila katika kundi dogo ambalo watoto walipimwa damu mwanzoni na kutibiwa malaria kwa karibu, wale wenye upungufu wa kweli walinufaika.

Kidonge kile kile, kisiwa kile kile. Kwa mwenye pengo kilikuwa dawa, kwa asiye na pengo kilikuwa hatari. Kwa mtu mzima vitisho ni vidogo, lakini kanuni ni hiyo. Mwanamume asimeze vidonge vya chuma bila feritini kupimwa, na upungufu ukithibitika kwa mwanamume, swali linalofuata ni damu inavuja wapi: tumboni, au minyoo.

Vitamini D kila mtu anasema niitumie.

Jaribio kubwa la Marekani lenye watu 25,871 liliwapa wengine uniti 2,000 kwa siku kwa takriban miaka 5. Matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha kupungua kwa saratani wala mashambulio ya moyo. Mwaka 2024 chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani kilishauri watu wazima wenye afya wasipimwe kiholela.

Anayehitaji ni asiyeliona jua: mgonjwa wa ndani, anayejifunika mwili wote na kukaa ndani, na ndugu zetu walioko Ulaya wakati wa baridi. Uingereza inashauri watu wenye ngozi nyeusi watumie mikrogramu 10, yaani uniti 400, mwaka mzima. Mkulima wa Singida anayo juu ya kichwa chake.

B12?

Pima kama unatumia metformin kwa miaka, huli kabisa vyakula vya wanyama, au una zaidi ya miaka 60 na miguu inawaka au kufa ganzi. Ganzi ya B12 hufanana na ganzi ya kisukari, na ya kwanza inatibika kwa bei ndogo sana.

Vidonge vya mafuta ya samaki?

Jaribio lililotajwa kwenye vitamini D liliwapa pia gramu 1 ya omega-3, na halikupunguza matukio makubwa ya moyo kwa ujumla. Dozi kubwa, gramu 4, zimeongeza tatizo la mapigo ya moyo kwenda ovyo. Kula samaki mara mbili kwa wiki. Vibua na dagaa ni vya bei ndogo na vina omega-3. Dagaa wanaoliwa wazima huongeza na kalsiamu.

Vitamini A, E na vidonge vya kuzuia kuzeeka kwa chembe?

Hapa ushahidi wa madhara ni mzito. Finland, wanaume 29,133 waliovuta sigara walifuatiliwa. Waliopewa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18, matokeo ya mwaka 1994. Vitamini E ya uniti 400 iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 katika jaribio lililowahusisha wanaume zaidi ya 35,000. Karoti, mchicha, matembele na embe havina historia hiyo.

Habbat soda, uwatu, mdalasini, mlonge?

Kama chakula, karibu. Tafiti ndogo zimeonyesha uwatu, habbat soda na mdalasini vikishusha sukari kidogo, na nyuzi za uwatu zinaeleweka zinavyochelewesha sukari kufyonzwa. Lakini ukijumlisha dozi kubwa na dawa zako za sukari unaweza kuanguka kwa sukari kushuka. Mdalasini mwingi wa sokoni ni wa aina ya kasia, wenye kumarini inayoumiza ini kwa dozi kubwa za kila siku. Robo kijiko kwenye chai haina neno. Usiache dawa ya hospitali kwa ajili ya mojawapo. Mwambie daktari unatumia, na daktari anayefoka kwa kuambiwa ukweli ndiye mwenye kosa.

NMN, au metformin kwa asiye na kisukari ili aishi miaka mingi?

NMN ni kirutubisho kinachopandisha NAD, kemikali ambayo chembe hutumia kutengeneza nguvu, kwenye damu. Kwamba humwongezea binadamu miaka, hakuna jaribio lililoonyesha. Metformin ni dawa nzuri ya kisukari, lakini wazee wazima walioimeza huku wakinyanyua vyuma walijenga misuli kidogo kuliko waliofanya mazoezi bila dawa, matokeo ya mwaka 2019. Misuli ndiyo inayomwinua mzee kitini.

Kopo limeandikwa "asili asilimia 100". Nimwamini muuzaji?

Kuwa asili si kuwa salama. Mchele mwekundu uliochachushwa una monakolini K, kitu kile kile kilicho kwenye lovastatini, dawa ya kolesteroli, bila dozi inayojulikana. Nchi mbalimbali zimekamata dawa za "asili" za sukari zilizotiwa glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, kimya kimya, na za nguvu za kiume zilizotiwa sildenafili, yaani Viagra.

Tanzania, chakula kilihamia chini ya Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ikabaki na dawa na vifaa tiba, na tiba asili ina Baraza lake. Tafuta namba ya usajili na uihakiki. Nembo huchapwa na yeyote.

## Hali maalumu

Natumia ARV. Kuna kirutubisho cha kuepuka?

Kalsiamu, chuma, zinki na magnesiamu hushikana na dolutegraviri tumboni, na dawa haifyonzwi. Meza dolutegraviri saa 2 kabla au saa 6 baada ya vidonge hivyo. Kwa kalsiamu na chuma, unaweza pia kuvimeza pamoja ukiwa na chakula. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini zimo kwenye onyo. Dolutegraviri pia hupandisha metformin mwilini, kwa hiyo dozi yake kwa kawaida haizidishwi miligramu 1,000 kwa siku. Kuongezeka uzito kumeripotiwa, hivyo kiuno na sukari vifuatiliwe. Kuhusu kreatinini, tazama swali la figo.

Chumvi ya potasiamu badala ya ya kawaida?

Nzuri kwa wengi. China vijijini, watu karibu 21,000 walifuatiliwa, na chumvi yenye robo ya potasiamu ilipunguza kiharusi kwa asilimia 14, matokeo ya mwaka 2021. Isitumiwe na mwenye figo mbovu, wala anayetumia spironolaktoni, dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu, na wa dawa za presha kama enalaprili au losartani wamuulize daktari kwanza.

Nina mimba, au natafuta.

Asidi foliki mikrogramu 400 kila siku tangu kabla ya kushika, na chuma kama kliniki inavyotoa. Hapa usisubiri kipimo. Epuka vidonge vya vitamini A vya dozi kubwa, vinaweza kumdhuru mtoto. Viwango vya sukari vya ujauzito ni tofauti na vya juu hapa.

Nafunga Ramadhani na nina kisukari. Nikijitoboa kidole funga inabatilika?

Miongozo ya kisukari na Ramadhani inasisitiza kuwa haibatiliki, na inataka upime. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6 mmol/L, fungua. Kazungumze na daktari mwezi mmoja au miwili kabla, dawa na saa zake zipangwe upya.

Nirudie vipimo lini?

HbA1c isirudiwe kabla ya miezi 3. Mafuta ya damu, wiki 4 hadi 12 baada ya kubadili chakula au kuanza dawa, kisha mara moja kwa mwaka. Kama vyote viko sawa na huna hatari, sukari kila miaka 3 inatosha, na presha kila mwaka. Presha ya 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kuona vibaya au udhaifu wa upande mmoja, au sukari iliyopanda sana pamoja na kutapika na kuhema haraka, haisubiri ratiba yoyote: ni hospitali siku hiyo hiyo.